Ba Chipasha na Sheria ya Bao la Nne

Mtaani kwetu Chimfunde hakuna mvulana wa rika langu ambaye hajawahi kupangwa mstari na Ba Chipasha; hilo Ba ni la heshima, kila mkubwa kwetu analo. Sisi wasichana hatukupangwa. Tulikaa juu ya ukuta wa kliniki, miguu inaning'inia, tunaangalia. Mimi niliangalia kuliko wenzangu wote kwa sababu Ba Chipasha ni mjomba wa mama yangu, na kati ya nyumba yake na yetu kuna kamba ya kuanikia nguo tu.

Ilikuwa hivi. Kila mwezi wa tano, mvua zikishakata na udongo wa uwanja ukianza kuwa vumbi, wavulana wote wa mtaa walio chini ya miaka kumi na tano waliitwa Jumamosi asubuhi. Ba Chipasha alikuwa amewachungulia mwaka mzima, barabarani, nyuma ya soko, popote penye mpira wa makaratasi, na kichwani mwake alishawapanga. Sita bora mstari wa kwanza. Sita wanaofuata mstari wa pili. Hivyo hivyo hadi mstari wa kumi na mbili, waliposimama wale wanaopiga mpira kwa kidole gumba halafu wanakaa chini kulia. Wa mstari wa kwanza walitoa vifua mbele kama askari. Wa mwisho walitazama miguu yao. Halafu kila mstari ulipita mbele ya kofia ngumu ya mgodini yenye vizibo sita vya soda, kila kimoja na rangi yake, na kila mtoto akachomoa kimoja bila kuangalia. Rangi sita, timu sita: Soko, Kliniki, Kanisani, Tangini, Relini na Dampo. Kwa hiyo kila timu ilipata mkali mmoja na goigoi mmoja na wa katikati yao, na mwaka unaofuata zote zilivunjwa, zikachanganywa upya.

Mitaa mingine ya machimbo walitucheka. Kwao tajiri mmoja anajikusanyia watoto wakali wote, anawavisha jezi, anawafunga wengine mabao kumi na moja kwa bila, na mtaa unashangilia. Kwetu haikuwezekana.

Na kama vizibo vimekosea, timu moja imetokea na nguvu mno, kulikuwa na sheria ya bao la nne. Timu ikiongoza kwa mabao manne, refa anasimamisha mchezo na mchezaji wa mstari wa kwanza wa timu inayoongoza anavuka. Anavua jezi, anaigeuza ndani nje, anaivaa, anaenda kuchezea wanaofungwa mpaka filimbi ya mwisho. Kumi wanabaki huku, kumi na wawili kule. Na huko alikokwenda haruhusiwi kufunga.

"Ukivuka, unafungisha," Ba Chipasha aliwaambia kila mwaka. "Kwamba unajua kufunga tumeshaona. Tuonyeshe kama unajua kumfungulia mwenzio."

Niliwahi kumuuliza sheria hiyo aliitoa wapi. Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Mama husema siku moja nitamuuliza hata Mungu kitambulisho. Siku hiyo Ba Chipasha alitafuna muwa wake tu. Majibu niliyapata vipande vipande, mengine kwake, mengine kwa mama, mengine kwa Ba Jere refa, ambaye hana siri hata ya kwake mwenyewe.

Ba Chipasha alikuja kutoka Luapula akiwa na miaka tisa, ameshika mkono wa baba yake. Alipokua akaingia mgodini, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kengele ya lifti ya shimoni. Yeye ndiye aliyewahesabu watu wanaoingia, akawasogeza mnene huku, wembamba wawili kule, na uzito ukishakaa sawa akagonga kengele washushwe. "Zamu yangu hakuna aliyekufa," aliniambia. Hakulisema kwa kujisifu. Alilisema kama mtu anayekuambia jina la kijiji chao.

Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Nkole. Nkole alikuwa golikipa. Enzi hizo ligi ilikuwa kama za mitaa mingine, na siku moja, Nkole akiwa na miaka kumi na mmoja, timu yake ilikutana na timu ya watoto wenye viatu. Alifungwa kumi na saba. Tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Kumi na Saba. Darasani, sokoni, kwenye foleni ya maji. Mama anasema hata mchungaji alijisahau siku moja akamwita hivyo wakati wa kumbatiza. Alipotaka kuoa, mtu fulani akalitaja jina hilo mbele ya wakwe, wakwe wakauliza ni kumi na saba ya nini, na kila aliyekuwepo akaeleza kwa furaha. Nkole alihamia mpakani Kasumbalesa. Huja kwenye misiba tu, na hurudi siku hiyo hiyo.

Mwaka uliofuata ile kumi na saba, Ba Chipasha aliomba apewe ligi. Hakuna aliyekuwa anaitaka, wakampa. Ndipo mistari ikaanza, na vizibo, na sheria ya bao la nne.

Ba Jere naye nimtaje vizuri, maana alikuwepo mwanzo mpaka mwisho. Ni fundi viatu, Mngoni wa mashariki, na kwa kuwa sisi ni Wabemba yeye ni mtani wetu, hana ruhusa ya kutuheshimu. Yeye na Ba Chipasha walikuwa hawasalimiani bila kutukanana.

"Filimbi yako leo hailii, mla panya. Mikia imeziba humo ndani."

"Inalia sana. Ni masikio yako yamejaa manyoya ya nyani uliyekula jana. Ng'oa kwanza ndipo uje uwanjani, ewe Mbemba."

Watoto walikuwa wanacheka mpaka wanakaa chini. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yao, kila Jumamosi, miaka kumi na tisa.

Halafu akaja Kasuba.

Kasuba nilisoma naye darasa moja, darasa la tisa. Alikaa dawati la mbele yangu na nilikuwa naona shingo yake tu, na vidole vya mguu wa kushoto ambavyo havikutulia hata kwenye mtihani. Aliishi na bibi yake, Ba Mwaba, anayeuza vitumbua pale kona ya relini. Wazazi wake sikuwahi kuwaona. Darasani alikuwa wa kawaida, wa chini kidogo ya kawaida. Ila mpira ukifika mguu wake wa kushoto, watu waliacha kuongea. Sijui nielezeje. Ni kama wengine wote walikuwa wanakimbia kwenye matope na yeye peke yake alikuwa kwenye sakafu.

Alikuwa na kiatu kimoja. Jozi ilikuwa ya wawili: Kasuba alivaa cha kushoto, na rafiki yake Lukundo, ambaye kila mwaka alisimama mstari wa kumi, alivaa cha kulia. Ba Jere alikuwa anakishona kile cha kushoto kila wiki. "Hiki cha kulia," alimwambia Lukundo, "utazikwa nacho, maana hukitumii."

Sasa, pale mtaani kwetu, nyuma ya jina la timu ya Dampo kuna dampo lenyewe, ule mlima mweusi wa mabaki ya mgodi. Vijana hupanda huko kuchimba mawe ya shaba yaliyosahauliwa. Walishamwambia Kasuba ana mabega mazuri. Kwa mtoto wa kwetu asiye na mtu, akimaliza mitihani ya darasa la tisa, mlima unamsubiri. Ba Mwaba alilijua hilo. Ba Chipasha pia.

Ndiyo maana Ba Chipasha alianza kuandika barua. Nilimwona mwenyewe kwenye kibaraza, miwani imefungwa uzi, anaandika, anachana, anaandika tena. Alimwandikia mtu mmoja Lusaka, Ba Siame, anayeitafutia shule moja ya mpira watoto wenye kipaji. Ukichukuliwa huko unalala huko, unakula huko, unasoma, unafundishwa na watu wenye vyeti. Barua ya tatu ndiyo iliyojibiwa. Atakuja Jumamosi moja mwezi wa nane, saa nane mchana. Jumamosi moja tu.

Ba Chipasha alituletea jibu lile nyumbani kama mtu aliyebeba yai. "Soma wewe," aliniambia, ingawa alikuwa ameshalisoma. Nikasoma. "Soma tena pale penye tarehe." Nikasoma tena.

Jumamosi hiyo Relini walicheza na Tangini. Kasuba alikuwa Relini, jezi ya bluu, namba tisa. Lukundo alikuwa Tangini. Uwanja ulijaa kuliko siku ya uchaguzi. Saa nane ikafika, Ba Siame hayupo. Saa nane na nusu, hayupo. Jua la mwezi wa nane lilikuwa la kutoboa kichwa, watoto wadogo wakaanza kulalamika, na Ba Chipasha akasema waanze tu, mgeni yuko njiani.

Tatizo la Kasuba ni kwamba hakujua kucheza nusu. Dakika ya tano alifunga. Ya tisa akafunga tena. Watu wakaanza kumpigia kelele, "Punguza! Kasuba, punguza, msubiri mgeni!" na yeye akapunga mkono kwamba amesikia, halafu mpira ukamjia vizuri kwenye kushoto na akafunga la tatu. Ba Jere alisimamisha mchezo mara tatu eti anafunga kamba za viatu vyake. Viatu vyake havikuwa na kamba, vilikuwa makubazi. Sisi ukutani tulicheka lakini kilikuwa kicheko cha woga.

La nne hata hakulifunga yeye. Alipiga krosi tu, mpira ukamgonga goti mtoto wa mstari wa kumi na mbili aliyekuwa anaangalia ndege, ukaingia. Manne bila. Ilikuwa dakika ya ishirini na nane.

Ba Jere hakupuliza. Alisimama na filimbi mkononi akimwangalia Ba Chipasha, aliyekuwa pembeni karibu na kibendera cha kona.

"Puliza," alisema Ba Chipasha. "Avuke."

"Mtani," alisema Ba Jere, na akaja hadi pembeni, "leo nakuomba bila utani. Leo tu. Mwache mtoto aonekane."

"Atakayeonekana ataonekana popote."

"Popote wapi? Atavaa jezi ndani nje, hafungi, hana namba! Wewe umemwita mtu kutoka Lusaka aje aone mgongo wa jezi?"

Watu wakaanza kupaza sauti. "Leo tu, Ba Chipasha!" "Sheria ni yako, ikunje!" Yeye akaonyesha goli la Tangini. Golikipa wao alikuwa mtoto wa miaka kumi, ameshika nguzo ya goli kwa mikono miwili, machozi na makamasi pamoja.

"Nikimwachia mkali leo kwa sababu ni mkali, yule pale nimwambie nini? Kwamba sheria ilikuwa yake siku ambazo hakuna mgeni?"

Hapo ndipo Ba Mwaba alipoacha beseni lake la vitumbua. Aliingia uwanjani, mama mzima, na mbele ya Ba Chipasha akapiga magoti kwenye vumbi. Kwetu mdogo ndiye anayempigia mkubwa magoti, na Ba Mwaba angeweza kumzaa Ba Chipasha.

"Niachie mtoto leo," alisema. "Wiki ijayo mvushe mechi nzima. Mvushe mpaka ligi iishe. Leo niachie."

Ba Chipasha asingeweza kubaki amesimama. Naye akapiga magoti. Wakawa wawili, wameangaliana, suruali yake ya Jumapili imekuwa nyekundu.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mtu anayejua mpira atamwona Kasuba hata nikimweka golini. Nakuapia."

Naamini aliliamini hilo. Nimelifikiria sana tangu siku ile, na sijapata sababu ya kufikiri alikuwa anadanganya. Yeye mwenyewe angemwona. Alidhani macho yote ni kama yake.

Ba Mwaba alifungua mdomo kujibu, lakini Kasuba alishafika, jezi imegeuzwa, mishono iko nje. Akamshika bibi yake kwapani.

"Bibi, inuka, unachafua kitenge. Nishavuka."

Ba Siame alifika dakika ya kumi ya kipindi cha pili. Tairi ilipasuka njiani, Kapiri. Mtu mnene, mpole, ana daftari dogo, anajifuta jasho. Walimwekea kiti karibu kabisa na ukuta wetu, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Namba tisa wa bluu yuko wapi?"

"Amevuka, ba mkubwa," walimwambia watu watano kwa pamoja. "Ni yule wa jezi ndani nje! Amefunga matatu!"

"Mimi nimekuta anacheza huku," alisema, akafungua daftari.

Na Kasuba alicheza. Nawaambia kweli, sijawahi kumwona akicheza vile. Alikuwa anakimbia nyuma kumnyanyua golikipa, anamwonyesha pa kusimama, anarudi mbele. Alimwekea Lukundo mpira kwenye ule mguu wa kulia wenye kiatu, taratibu, kama mtu anayemwekea mgeni chakula, na Lukundo, ambaye Ba Jere alisema hatumii kiatu chake, akafunga. Alikimbia akilia. Dakika tano baadaye Kasuba akamwekea mwingine. Manne kwa mawili. Relini nao walikuwa wamechoka na wako kumi.

Kisha Kasuba akabaki na golikipa peke yao. Goli wazi kabisa. Akasimamisha mpira. Akaukanyaga, akageuka, akamsubiri Lukundo afike. Beki akamwahi, mpira ukachukuliwa.

Ba Siame alicheka. Hakucheka vibaya, alicheka kama mtu aliyeona kitu cha ajabu.

"Huyu analiogopa goli," alisema, na akaandika.

Nilitaka kuruka ukutani nimwambie. Wenzangu walimwambia, Ba Jere alimwambia kutoka katikati ya uwanja, mchezo unaendelea. Alitikisa kichwa kwa heshima. Dakika za mwisho Kasuba akamtengea mtoto mwingine wa Tangini, la tatu. Filimbi. Manne kwa matatu, na watoto wa Tangini wakambeba Kasuba juu kana kwamba wameshinda.

Ba Chipasha alimweleza Ba Siame yote, mistari, vizibo, kuvuka. Alieleza kwa mikono miwili kama mtu anayeomba.

"Mzee wangu, nimekusikia," alisema Ba Siame. "Na ni utaratibu mzuri, sijauona popote. Lakini nikirudi nitaulizwa nimeona nini, sitaulizwa nimeambiwa nini. Nilitafuta mfungaji. Huyu mtoto nimemwona nusu saa nzima, hajapiga hata shuti moja."

"Kaa mpaka Jumamosi ijayo. Utalala kwangu."

"Jumamosi ijayo niko Kasama. Mwakani, Mungu akipenda." Akafungua daftari. "Yule mdogo mwenye kiatu cha kulia, anaitwaje? Nilipofika hakuwa lolote, na kila dakika alizidi kuwa bora. Huyo atafundishika."

Lukundo, wa mstari wa kumi. Ba Chipasha aliyekuwa ameishi miaka kumi na tisa akisubiri mtu aone kwamba mtoto wa mstari wa kumi anaweza, aliposikia jina hilo alikaa chini kwenye nyasi.

Jumatatu asubuhi Lukundo aliondoka. Kasuba alimsindikiza stendi akampa kiatu cha kushoto. "Huko Lusaka utawachekesha na kimoja," alimwambia. Sisi darasa zima tulikuwepo. Lukundo hakutaka kukipokea, wakasukumana, basi likapiga honi, Kasuba akakitupia dirishani.

Tulifanya mitihani mwezi wa kumi na moja. Wiki iliyofuata Kasuba alipanda dampo. Ba Chipasha alimfuata huko mara nyingi, nadhani kila siku mbili. Alimwambia ameandika barua nyingine, ya nne, ya tano; kwamba Ba Siame amejibu kuwa mwezi wa nane atakuja na safari hii atalala. "Miezi minane tu, mwanangu. Shuka."

"Nitashuka, Ba Chipasha," Kasuba alimjibu. "Bibi miguu imevimba, hawezi kusimama na beseni. Mwezi wa nane ukifika nitashuka."

Mvua za mwezi wa kwanza mwaka uliofuata zilikuwa za siku tisa mfululizo. Siku ya kumi likatoka jua, vijana wakapanda. Saa tano asubuhi ubavu wa mlima uliteremka. Sisi darasani tulisikia kama lori linamwaga kokoto, tukaendelea kuandika. Waliwatoa wanne. Kasuba alikuwa wa tatu kutolewa.

Kwenye msiba wa Mbemba, mtani ana kazi. Analala mbele ya jeneza asipite mtu mpaka alipwe, anamtukana marehemu, anawacheka wafiwa mpaka wacheke nao. Asipofanya hivyo msiba unakuwa mzito kupita kiasi. Siku ya kumzika Kasuba kila mtu alimsubiri Ba Jere. Jeneza lilitolewa, likafika mlangoni. Ba Jere alisimama mbele yake. Alifungua mdomo. Akasema, "Wewe Mbemba mdogo..." akakoma. Akajaribu tena. Watu walingoja. Mwishoni alisogea pembeni, akavua kofia, jeneza likapita bure. Mama alisema hajawahi kuona jambo hilo tangu azaliwe.

Baada ya siku tatu Ba Chipasha alikwenda kwa Ba Mwaba. Alimwomba mama amsindikize, na mama akanichukua mimi nibebe unga. Alipiga magoti mlangoni, hakuingia. Alianza kusema kwamba Kasuba alikuwa mtoto mwema kuliko wote aliowahi kuwapanga, kwamba siku ile alivyovuka...

"Usiniambie alikuwa mwema," alisema Ba Mwaba. Alikuwa amekaa mkekani, miguu imenyooshwa, imevimba kama magogo. "Najua alikuwa mwema. Huo wema wake ndio mliouchezea mpira. Mtoto wa watu akapata timu, mtoto wa watu akaacha kulia, mtoto wa watu akaenda Lusaka. Mimi nilipata nini? Nilipiga magoti mbele yako, Ba Chipasha. Sijawahi kumpigia magoti hata marehemu mume wangu."

Ba Chipasha alibaki pale pale mpaka mama alipomwinua.

Mwezi wa tano ulipofika, wavulana walijipanga wenyewe uwanjani Jumamosi asubuhi, wakamsubiri mpaka saa sita. Hakutoka. Wiki mbili baadaye kijana mmoja mwenye duka la simu aliichukua ligi, akasema mambo ya vizibo ni ya kizamani, kila timu ijitafutie watoto. Na kweli Ba Siame alikuja mwezi wa nane, akalala. Aliondoka na watoto wawili, wote wa timu ya huyo mwenye duka.

Lukundo hupiga simu, na hupiga kwetu kwa sababu Ba Chipasha hana simu. Anaendelea vizuri. Amepanda kundi la juu. Hamtaji Kasuba. Kila mara anaomba aongee na Ba Chipasha, naenda kugonga, na Ba Chipasha anakuja, anashika simu kwa mikono miwili, anasikiliza. "Ndiyo mwanangu. Vizuri. Kula sana." Akimaliza anasimama kidogo kwenye kamba ya nguo zetu kabla hajarudi kwake.

Jumamosi iliyopita nilimkuta kibarazani. Kutoka kwake uwanja hauonekani lakini kelele zinafika. Kulikuwa na mechi. Tulisikia shangwe, halafu baada ya muda shangwe nyingine, halafu nyingine, na zote zilitoka upande mmoja, upande wa sokoni. Upande wa pili hapakusikika kitu. Yeye alikuwa anazihesabu. Niliona midomo yake ikienda.

Nilishajizuia mwaka mzima. Nikauliza.

"Ba Chipasha, kama siku ile ingerudi, ungemwachia?"

Nilidhani atanifukuza.

"Kila siku hunirudia," alisema. "Na kila siku najibu lingine. Jana nilimvusha. Yule mtoto golini alikuwa analia, nikamvusha." Akapangusa miwani kwa shati. "Leo asubuhi nilimwachia. Alifunga saba."

Shangwe ikapigwa tena kule uwanjani, na safari hii watu walikuwa wanaitaja namba ya mabao kwa sauti, wanaimba. Ba Chipasha aliinuka, akaingia ndani, akafunga dirisha la upande ule.